Dada Ameshafika

Hajatoka.

Naanza na hilo, maana wiki nzima sijapumua. Kwa kinyozi naulizwa, dukani naulizwa, hata fundi bomba aliyekuja kuziba sinki kwangu aliweka spana chini akauliza: Kasuku katoka? Hajatoka, jamani. Tulimwacha kwenye chumba kimoja nyumbani kwa Shangazi, kashika kitasa, na ufunguo unazunguka upande wa pili. Mlango haukufunguka. Yumo humo humo, na leo mambo yanazidi kuharibika.

Kwa yule aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikuweke sawa upesi.

Kasuku ni mfanyakazi wa nyumbani. Ni mwanamke mtu mzima, ana binti anayesoma, na binti huyo analelewa na bibi yake wakati mama yuko kwenye majumba ya watu akilea watoto wa watu. Jina la Kasuku alipewa kwao tangu mdogo, kwa sababu akimsikia mtu akiongea, papo hapo anamwigiza, sauti, kikohozi na kila kitu. Huko kazini hakuna aliyelijua jina hilo. Huko aliitwa dada. Dada njoo, dada leta, dada mbona chumvi imezidi. Aliitwa dada hata na wazee ambao wangeweza kumzaa.

Shangazi naye si shangazi wa mtu yeyote pale. Ni dalali. Anawaingiza wanawake kwenye kazi za ndani, anachukua chake huku na kule, na wote anawaita wapwa zake. Ukishamwita mtu mpwa, nani atakuuliza makubaliano? Ukimfungia chumbani, majirani watasema ni mambo ya kifamilia, wataongeza sauti ya redio. Na vitambulisho vyao anavikusanya kwenye kopo la biskuti, kwa usalama, anasema. Usalama wa nani, hasemi.

Kitambulisho ndicho kilichomleta Kasuku. Alikuwa amepata kazi mwenyewe, bila dalali, kwa mama mmoja mkunga, mjane mwenye mtoto mchanga, anayekaa nyuma ya soko na baba yake mzazi. Mkunga alimwambia siku ya kuanza aje na kitambulisho chake, akitazame, akipige picha, amrudishie hapo hapo. Basi Kasuku akaenda kukidai, na badala ya kudai na kunyamaza, akamwaga kila kitu. Nimepata kazi, Shangazi. Kwa mkunga mjane, lile geti la bluu. Naanza leo mchana, yeye akiingia zamu tutabaki mimi na babu na mtoto tu.

Mdomo uliponza kichwa. Shangazi kusikia mkunga mjane, uso ulimbadilika kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akasema, ingia humo ndani mpwa wangu, nikuletee kopo. Kopo halikuja.

Haya. Sasa tuko pamoja.

Kasuku alipiga mlango kwa kiganja, akaupiga kwa ngumi, akageuka akaupiga kwa kisigino. Chumba kilikuwa kidogo, magodoro yamesimamishwa ukutani, dirisha moja la nondo linatazama uchochoro. Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya sabuni ya kufulia na ya watu waliongoja sana. Kwenye godoro moja lililolazwa alikaa mwanamke mwingine anayesubiri nyumba, Mpole, ambaye jina na tabia vilikuwa kitu kimoja. Mpole akamnong'oneza aache kupiga, Shangazi akikasirika chakula kinachelewa.

Kidirisha cha mlangoni kikafunguka.

"Mlango unaoupiga ni wa nani?" Shangazi akauliza, wala hakupandisha sauti.

"Nipe kitambulisho changu niende, Shangazi. Nitachelewa kazini."

"Kazi hutoki kwangu ukaitafuta kwa mlango wa uani, mpwa wangu. Mpole, simama. Umepata nyumba."

Mlango ukafunguliwa, na mlangoni akajaa mwanamume mwenye mabega mapana. Huyu ndiye mlinzi wa funguo za Shangazi, na watu wanamwita Komeo. Nyuma yake Shangazi akaingia, akachukua mfuko wa nguo wa Kasuku, akamvua Kasuku kitambaa cha kijani anachojifunga kichwani siku zote, akamfunga nacho Mpole. Alikifunga vizuri, akakinyoosha kwa vidole kama mama anayempeleka mwanawe shule.

Kasuku akaelewa. 

"Ile kazi ni yangu," akasema. "Yule mama tumeonana naye ana kwa ana. Ananijua sura."

"Yeye anakujua. Aliyebaki nyumbani anakujua?"

Kasuku akanyoosha mkono akidai kitambaa chake, Komeo akamzuia.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," Shangazi akasema. "Mama akitoka nyumbani mbio, husema nini? Husema dada atakuja, mfungulieni. Hakuna anayesema zaidi ya hapo. Basi mama akishatoka, dada anakwenda. Dada ni dada."

Mpole alimtazama Kasuku, akatazama sakafu. Shangazi akamwambia asimsikilize mwenzake, kazi sasa ni yake yeye, akae huko atulie, mchana shangazi wa mtoto atakuja kumchukua mtoto ampeleke kwa mama yake kunyonya, basi ampakate ampeleke garini bila kelele. Mpole akaitikia ndiyo. Mpole huitikia ndiyo kwa kila kitu, na ndiyo maana alikuwa bado hajapata nyumba ya kudumu. Wakatoka, mlango ukafungwa, ufunguo ukazunguka tena.

Kasuku akabaki na magodoro mpaka jua likapanda.

Msomaji, kufungiwa ni kubaya kwa kila mtu. Lakini kufungiwa huku unajua mtu mwingine anatembea na kitambaa chako kichwani kwenda kuchukua nafasi yako, hilo ni balaa la peke yake. Kasuku aliona aibu, akaona hasira, kisha akaona woga ambao hakuujua ulipotokea. Kama ni ada ya udalali tu, kwa nini wamzungumzie mtoto? Shangazi wa mtoto ni nani?

Akakumbuka alivyoajiriwa. Ilikuwa sebuleni kwa bosi wake wa zamani, mama aliyekuwa anahama mji. Mkunga alikuja mwenyewe, akamwuliza yule mama mbele ya Kasuku jinsi anavyofanya kazi, si nyuma ya mgongo wake. Akasema kazi ni mtoto na chakula cha babu, si kufulia ukoo mzima. Jumapili ni yako. Ukiumwa unalala, unatibiwa. Yeyote atakayetaka tuachane amwambie mwenzake mapema, tusiviziane. Halafu akasema, sasa wewe niulize mimi.

Kasuku hakuwahi kuambiwa aulize. Mwisho akauliza kama chakula kitakuwa sufuria moja. Mkunga akacheka, akasema sufuria ni moja na meza ni moja. Kisha akaacha kucheka. Akamwambia kuna jambo lazima alijue kabla hajakubali: marehemu mume wake ana ndugu, na tangu msiba ndugu hao wanamtaka mtoto, wanasema ni damu yao. Ndiyo maana geti halifunguliwi ovyo. Akamkaririsha namba mbili za simu, yake na ya babu, akasema ukikwama popote unipigie.

Kwa Kasuku namba mbili ni nini? Alizikariri palepale kwa sauti ya Mkunga mwenyewe, Mkunga akashangaa.

Sasa amekwama, na simu yake imo kwenye mfuko ulioondoka na Mpole.

Akasogea dirishani. Nondo zilikuwa imara. Uchochoro ulikuwa mtupu, kuna beseni limeegeshwa na paka analala. Upande wa kushoto, hatua chache tu, ulikuwepo mlango wa uani wa nyumba ile ile. Sauti ikitoka dirishani ikigonga ukuta wa ng'ambo, nani atajua imetoka dirishani au mlangoni?

Kasuku akakohoa kikohozi cha Shangazi. Kile kikavu, cha mara mbili.

"We Komeo," akasema, na sauti ilikuwa ya Shangazi mpaka paka akainua kichwa. "Komeo, umelala? Mlango wa uani huu nani kaufunga?"

Kule ndani redio ikapunguzwa.

"Shangazi? Si umetoka kwa mbele?"

"Nimezungukia huku kwa sababu nimezungukia huku. Unataka nikupe taarifa? Mtoe huyo mwanamke umlete nje, gari linangoja. Na usimguse vibaya."

Komeo hakuwa mtu wa kufikiri sana mchana. Ufunguo ukazunguka. Kasuku akawa ameshakaa kwenye godoro, kainamisha kichwa, mnyonge kabisa. Komeo akamshika mkono juu ya kiwiko, wakatoka kwenye korido, wakapita jikoni, wakapita mlango wa chumba cha Shangazi ambao ulikuwa wazi. Kopo la biskuti lilikuwa juu ya kabati, linaonekana.

"Usiogope," Komeo akamwambia, maana roho yake si mbaya, ni ya kukodi tu. "Kesho utaachiwa. Shangazi akishamchukua mtoto wa kaka yake, wewe hana haja na wewe."

Kasuku akageuka kumtazama.

"Kaka yake yupi?"

"Si yule marehemu? Mume wa mkunga. Tangu msiba hajalala, anasema mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa na geti. Alipeleka wazee wakarudishwa, akaenda mwenyewe hakufunguliwa. Leo Mungu kamletea wewe."

Kumbe! Mwanamke aliyewaita watu baki wapwa zake miaka yote, alikuwa na mpwa wa kweli mmoja tu duniani, na yuko nyuma ya lile geti la bluu. Kasuku ndiye aliyemwonyesha mlango. Moyo wake ulimuuma hadi akataka kulia, lakini kulia kuna wakati wake.

Komeo akafungua mlango wa uani, akatoa kichwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Shangazi yuko wapi?"

"Nipo hapa, mjinga wewe," likaja jibu kwa sauti ya Shangazi, sentimita chache kutoka kisogoni mwake.

Maskini Komeo akaruka. Na aliporuka Kasuku akamsukuma kwa mikono miwili na nguvu zote za mtu aliyebeba ndoo za maji tangu utoto. Jamaa akatoka kichwa kichwa mpaka kwenye beseni, paka akakimbia, Kasuku akavuta mlango na kusukuma komeo. Komeo nje, komeo ndani. Nisamehe, nimeshindwa kujizuia.

Akageuka mbio kuelekea mlango wa mbele. Akafika usawa wa chumba cha Shangazi, akasimama.

Kopo lile pale. Ndani yake kuna kitambulisho chake, kitu pekee kinachoweza kumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni yeye. Bila hicho, akifika getini ni mwanamke asiye na kitambaa, asiye na mfuko, anayehema. Akaingia, akanyoosha mkono. Kabati lilikuwa refu, akavuta kiti. Kule nyuma Komeo alikuwa anaupiga mlango kwa bega, na ubao mmoja ulikwishaanza kulia.

Mguu mmoja juu ya kiti, mmoja chini, Kasuku akamfikiria yule mtoto ambaye hajawahi kumwona. Hata jina lake hakulijua bado. Akamfikiria na binti yake, kwamba siku moja mtu angeweza kuja pale anapolelewa akasema mimi ni ndugu, akakabidhiwa. Akashuka kwenye kiti, akakimbia. Kopo likabaki pale pale.

Barabarani jua lilikuwa kali na watu wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna kitu. Kasuku aliingia kwenye kibanda cha fundi simu, akamwomba simu kwa jina la Mungu. Fundi akaangalia miguu yake, kandambili ilikuwa moja, akampa bila kuuliza.

Akapiga namba ya Mkunga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Chumba cha kuzalishia simu huzimwa, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu hawezi kuambiwa subiri kidogo kuna simu.

Akapiga namba ya babu. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Babu, shikamoo. Mimi ni dada."

"Marahaba. Dada ameshafika," babu akasema.

"Hapana, Babu. Mimi ndiye dada."

"Nimekwambia ameshafika. Yupo hapa, anampa mtoto maziwa. Ana kitambaa cha kijani kama nilivyoambiwa. Wewe ni dada wa nani?"

Kasuku akataja jina lake lote, la kwenye kitambulisho, na la baba yake, na la babu yake. Kule upande wa pili babu akasikiliza kwa adabu, akasema hakuambiwa majina. Binti yake aliitwa kazini kabla ya wakati, akatoka anavaa viatu huku anatembea, alichosema ni kwamba dada atakuja mchana ana kitambaa cha kijani, amfungulie, na mwingine yeyote asifunguliwe. Yeye amefanya hivyo. Akaongeza kwamba matapeli wa simu anawajua, akakata.

Hebu fikiria. Miaka yote hiyo Kasuku ameitikia neno hilo, hata akiwa amechoka, hata akiwa usingizini. Siku moja tu anayolihitaji, limeshachukuliwa na mwingine.

Akamrudishia fundi simu yake, akavua ile kandambili iliyobaki, akatoka mguu niponye.

Alikatiza sokoni katikati ya meza za nyanya na vitunguu, akagonga kikapu cha mtu, akatukanwa, akaomba radhi bila kugeuka. Kifua kilikuwa kinawaka. Kila gari lililompita aliona ni la Shangazi. Alipokata kona ya mwisho na kuliona geti la bluu, mbele yake hapakuwa na gari lolote. Machozi yakamtoka kwa furaha, akaligonga.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu babu. Mzee yule kastaafu kazi ya ulinzi wa magereza. Maisha yake yote alishika funguo, na anapenda kusema kwamba katika zamu yake hakutoka mtu. Ukimpa mzee wa namna hiyo amri ya geti, umelipa geti roho.

Kidirisha cha geti kikafunguka, jicho moja likatokea.

"Ni mimi niliyepiga simu, Babu."

"Wewe tena," babu akasema. "Binti, nenda zako kabla sijaita watu."

"Huyo dada uliye naye humo ndani ametumwa na dada wa marehemu."

"Dada gani tena?"

"Dada yake marehemu. Yeye ndiye amemtuma dada."

"Sasa hapa madada wako wangapi?" babu akauliza, na sauti yake ilianza kuchoka. "Mmoja yuko ndani, mmoja uko nje, mmoja ni wa marehemu. Mimi nimeambiwa mmoja."

Lo, lugha yetu hii! Kasuku akafuta jasho, akaanza upya, polepole. Akasema wifi. Wifi yake Mkunga, dada wa mkweo marehemu, yule aliyekuja hapa hakufunguliwa. Ndiye dalali wangu. Amenifungia, amemvika mwenzangu kitambaa changu, amemleta hapa. Atakuja na gari kumchukua mtoto.

Jicho kwenye kidirisha likaacha kupepesa. Habari ya wifi kukataliwa getini haikuwa habari ya mtaani. Waliokuwepo siku ile ni babu, Mkunga na wifi mwenyewe.

"Kitambulisho chako kiko wapi?" babu akauliza.

"Sina, Babu. Amekishika yeye."

"Na unataka nikufungulie."

Kasuku alikuwa amejiandaa kuomba afunguliwe. Tangu asubuhi hakutaka kitu kingine ila mlango ufunguke. Lakini alipomtazama yule mzee aliyeshikilia kidirisha kwa vidole, akaona kitu ambacho hakukiona alipokuwa anakimbia.

"Hapana," akasema. "Usinifungulie. Hunijui. Na yule uliye naye ndani humjui pia. Funga geti lako, mchukue mtoto umpakate wewe mwenyewe, na asitoke mtu wala asiingie mtu mpaka Mkunga arudi. Mimi nitakaa hapa hapa nje juani. Akirudi atanitambua."

 Katika kazi yake babu aliombwa na watu wengi wafunguliwe, kwa machozi, kwa hongo, kwa majina ya wakubwa. Hakuna aliyewahi kumwomba afunge.

"Ngoja hapo," akasema, na sasa ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

Kidirisha kikabaki wazi. Kasuku akasikia kandambili za babu zikiburuza kwenye sakafu ya kibaraza, akamsikia akiita dada. Akaita tena. Mlango ukagongwa ndani ya nyumba, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Kasuku alishika nondo za kidirisha kwa mikono miwili akachungulia, akaona uwanja uliofagiliwa, nepi kwenye kamba, na mlango wa nyumba ulio wazi. Alifungiwa ndani asubuhi, na sasa amefungiwa nje, na tofauti aliiona ni ndogo mno.

Babu akarudi mbio, kama mzee anaweza kuitwa anakimbia. Uso ulikuwa umemshuka.

"Kajifungia kwenye chumba cha dada, yeye na mtoto," akasema. "Namwita haitiki."

"Basi hawezi kutoka, Babu. Kaa mlangoni kwake. Geti liko huku, funguo unazo wewe."

 Babu alikuwa anajipapasa mifuko, mmoja baada ya mwingine, ingawa alijua kilichomo na kisichomo.

Nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro usioonekana kutoka getini, likaja gari likapunguza mwendo, likasimama, injini inanguruma.

"Babu," Kasuku akasema, "kile chumba kinatokea wapi?"

"Kina mlango wake wa nyuma, unatokea uchochoroni," babu akasema. "Binti yangu aliutoboa makusudi mwezi uliopita. Mimi nilikataa, tukagombana. Ufunguo wake nimempa huyo mwanamke mwenyewe, mkononi, alipoingia, kama nilivyoagizwa. Binti yangu alisema, baba, dada si mfungwa."